Dunia Mbili, Kondoo Mmoja

Jumatatu, 7 Julai 2025. Sabasaba.

Sikukuu. Baridi ya kung'ata masikio. Mlima Hanang umejifunika mawingu hadi kiunoni. Nimefungua kibanda changu cha filamu hata hivyo, maana siku za sikukuu ndipo watu wa Katesh wanapokumbuka kwamba flashi zao hazina filamu.

Kissa amekuja! Kissa wa maabara, mwenyeji wa Tukuyu, anayepima damu na mikojo ya mji mzima na bado ana tabasamu. Alitaka filamu za dunia mbili. Zile ambazo mtu anafiwa na mpenzi wake, anapita kwenye mlango fulani, anamkuta mpenzi yuleyule upande wa pili, mzima wa afya, ila hamjui. Nikamuuliza kwa nini anazipenda hizo. Akaanza kunieleza. Alieleza kwa muda mrefu. Sikusikia vizuri kwa sababu nilikuwa nafikiria mkao wa nywele zangu.

Mpango umenijia kabla hajavuka barabara. Nitatengeneza filamu ya namna hiyo mwenyewe! Kamera ninayo, ileile ya harusi na kipaimara. Mimi shujaa. Kissa mpenzi. Mwisho kabisa nitaitazama kamera na kumwomba awe mke wangu, na yeye atakuwa amekaa ukumbini kati ya watu mia mbili. Nani anakataa mbele ya watu mia mbili?

Nimempigia mama huko Tlawi. Nimemwambia kuna binti na jambo limeiva. Halijaiva. Halijainjikwa hata jikoni. Mama alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza.

Jumanne, 8 Julai

Nimemaliza kuandika. Kurasa kumi na nne! Jina: *Mlango wa Chumvi*. Daktari Theo (mimi, Theodory) ni mwanasayansi mkubwa wa Katesh. Mchumba wake anafariki kwa homa. Anatengeneza mlango, anavuka. Upande wa pili mchumba yu hai lakini ameolewa na mtu mbaya mwenye masharubu.

Mwalimu Mwita ana masharubu.

Huyu Mwita anafundisha fizikia, mtu wa Tarime. Kila jioni anakula chipsi mayai meza moja na Kissa, na wanacheka. Fizikia haichekeshi. Kuna jambo. Kwa hiyo nimempa nafasi ya mtu mbaya. Ukurasa wa tisa nampiga.

Alisoma akiwa amesimama. Hakukasirika. Alisema kitaalamu jambo hili linaitwa ulimwengu sambamba, na kwamba hadithi ina tundu. Kama kule yuko Kissa mwingine, lazima awepo na Theodory mwingine. Yuko wapi? Nikamwambia amekufa. Akauliza amekufa kwa nini. Nikasema homa. Akasema homa imekuwa nyingi katika filamu hii.

Mtu mwenye wivu utamjua tu.

Alhamisi, 10 Julai

Kissa amekubali! Ana masharti matatu. La kwanza, hakuna kukumbatiana. La pili, hafi kwa homa tu hivihivi. Alisema, "Kaka Theodory, mtu anapimwa kwanza." Kwa hiyo ukurasa wa pili sasa kuna kipimo cha malaria, na majibu yametoka hana. La tatu, Mwita awepo siku zote kwa sababu anaelewa mambo ya dunia mbili. La tatu limeniuma.

Jumamosi tunakwenda ziwa Balangida. Maji yamerudi katikati, pembeni imebaki chumvi tupu, nyeupe mpaka macho yanauma. Ndiyo dunia ya pili. Lameck kinyozi ameniazima kioo chake kikubwa cha saluni kiwe mlango. Nimemwapia kitarudi kama kilivyokwenda.

Mama amepiga. Baba mdogo Akonaay amekubali kuwa msemaji wa ukoo. Watakuja Jumamosi ya tarehe kumi na tisa, siku ya kuonyesha filamu, na kondoo. Nikasema mama, tusiharakishe. Akasema kondoo ameshachaguliwa.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika kwa mkono mmoja. Mwingine unakung'uta chumvi kwenye viatu.

Tulifika saa tatu. Tulisimamisha kioo kwenye chumvi, tukakiegemeza kwa mawe. Kilipendeza! Anga ndani, anga nje. Nilikuwa nimevaa koti jeupe la Kissa la maabara, limenibana kwapani. Nikaanza kutembea kuelekea mlangoni kwa uchungu wa mapenzi.

Ng'ombe wakatokea. Kama sitini. Nyuma yao mzee mmoja mrefu, fimbo mabegani, shuka jekundu lililofifia. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akajitambulisha, Gidamis, wa upande ule wa mbuga. Nikamwomba awapeleke ng'ombe kando kidogo kwa sababu ya filamu. Akauliza filamu ya nini. Nikamweleza: mlango, dunia mbili, mchumba. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, heshima ambayo sijawahi kupewa hata na mama. Kisha akasema ng'ombe wamekuja kulamba chumvi na hawajui habari ya filamu.

Fahali mmoja mweusi alikuwa ameshafika kwenye kioo. Alijiona. Akamwona fahali mwingine, mkubwa vilevile, mweusi vilevile, anamtazama bila adabu. Akarudi nyuma hatua tatu. Yule naye akarudi hatua tatu. Hapo ndipo alipokasirika.

Sauti ya kioo kile nitaikumbuka hadi kiyama.

Mwita alisema huyu ndiye pekee kati yetu aliyekutana na mwenzake wa upande wa pili. Kissa alicheka mpaka akakaa chini kwenye chumvi. Sikuwahi kumwona anacheka hivyo kwa jambo nililosema mimi. Mzee Gidamis aliona haya. Alimkagua fahali (mzima), akanikagua mimi (hakuuliza), akatupa maziwa ya mgando kwenye kibuyu. Tukanywa. Kissa alimuuliza habari za nyumbani, kumbe wanafahamiana tangu zamani, walisalimiana taratibu kama watu waliowahi kukaa msibani pamoja.

Nimerudi na fremu tupu.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa nilikwenda kwa Lameck kuomba radhi. Aliitazama fremu. Akaniambia nikae, aninyoe. Nikadhani amesamehe.

Saluni haina kioo. Sikuona anachofanya mpaka nilipofika nyumbani.

Daktari Theo sasa ana kipara upande wa kushoto. Nimeamua: nitamalizia kunyoa zote, na itakuwa hivi, kila mtu akivuka mlango anapoteza nywele. Sayansi. Mwita nilipomweleza alisema hilo angalau halina homa ndani yake.

Jumanne, 15 Julai

Tumerudi ziwani saa kumi, Kissa alipotoka zamu. Tukasimamisha fremu bila kioo. Mwita anasema mlango usio na kioo ni mlango bora zaidi, maana unapitika.

Mzee Gidamis alikuwa ametangulia. Ameoga. Shuka jipya. Ng'ombe amewaachia mtu. Nikadhani anataka kuigiza, nikaanza kutafuta maneno ya kumkatalia kwa adabu.

Akauliza hivi, na naandika kama alivyosema: "Huko upande wa pili, mlima ulikaa?"

Sikuelewa mara moja. Kissa alielewa. Mke wa mzee, Kornelia, mwaka juzi mwezi wa Desemba alikuwa amekwenda kwa dada yake mjini, karibu na soko, wakati mlima uliposhusha matope. Kissa alikuwa zamu wiki ile nzima.

Mwita, mwenye jibu la kila kitu, alitazama viatu vyake. Mimi nikatengeneza stendi ya kamera, ambayo haikuwa imeharibika.

Hatimaye Mwita akasema, "Mzee, wanaohesabu mambo hayo wanasema huenda dunia ni nyingi. Hakuna aliyefika akarudi."

Gidamis akaitazama fremu. Akasema, "Kama ni nyingi, basi mojawapo ulikaa."

Akaomba asimame mlangoni. Nani angemkatalia? Mimi nilitaka kumkatalia, jua lilikuwa linashuka na hotuba yangu ya mapenzi ilikuwa bado. Lakini Kissa alikuwa ananitazama, nikawasha kamera.

Alisimama mbele ya fremu, fimbo ameiweka chini. Akamwita, "Kornelia!" Kisha akazungumza kwa lugha yake, bila haraka, kama mtu anayeongea na aliyeko chumba cha pili. Alipomaliza akageuka na kutueleza kwa Kiswahili alichosema, ili filamu isikose. Amemwambia kwamba ng'ombe mwenye pembe moja amezaa jike. Kwamba mvua zilichelewa. Kwamba binti yao Jenifa amejifungua na mtoto ameitwa Kornelia, na ana kelele vilevile. Kwamba kama huko mlima ulikaa, basi asije, abaki hukohuko.

Dakika sita! Na betri ilikuwa asilimia ishirini!

Sijui kwa nini sikuzima.

Baadaye nilitoa hotuba yangu, dakika kumi na moja, jua likiwa nyuma ya kipara. Nilikuwa mzuri sana. Kissa na Mwita walikuwa wamemsindikiza mzee, hawakuona.

Alhamisi, 17 Julai

Siku mbaya. Naiandika fupi.

Nimekaa kwenye laptopu tangu asubuhi. Nimeona wazi kwamba mzee Gidamis ananiharibia filamu. Mtu akishamtazama yeye, hawezi tena kunitazama mimi. Hili si wivu, ni ufundi. Nikaamua kumfuta. Nikabonyeza. Nikathibitisha. Ikaniuliza tena, nikathibitisha tena kwa hasira.

Nilikuwa nimefuta hotuba yangu.

Dakika kumi na moja! Nimezitafuta hadi kwenye pipa la takataka la laptopu, ambalo nilikuwa nimelimwaga asubuhi kwa ajili ya usafi.

Kissa alipita jioni kuona kazi ilipofika. Nikamwonyesha kipande cha mzee kwa kuwa sikuwa na kingine. Alitazama akiwa amesimama, mkono mdomoni. Akasema kiwekwe mwisho, na kisiguswe. Akanishukuru. Alisema, "Kaka Theodory, umefanya jambo la maana." Akaenda.

Jambo la maana! Kwa hiyo ananipenda. Hotuba nitaitoa mwenyewe, kwa mdomo, mbele ya watu. Bora zaidi.

Jumamosi, 19 Julai

Ee Mungu wangu.

Saa tisa alasiri, ukumbi wa parokia, madirisha tumeyaziba kwa maturubai. Watu walijaa kuliko nilivyotegemea, wengine walisimama. Mzee Gidamis mstari wa nyuma, karibu na mlango.

Mwita alikuja na mwanamke. Nikauliza ni nani. Mke wake! Amekuja likizo kutoka Tarime na watoto wawili. Alimkumbatia Kissa kama dada yake, kumbe kila jioni kwenye chipsi mayai wanampigia simu yeye, ndiye anayewachekesha. Kwa hiyo ukurasa wa tisa nimempiga mtu bure.

Mama na baba mdogo Akonaay walifika kwa gari aina ya Noah, wametoka Tlawi alfajiri. Kondoo amefungwa nje kwenye mti wa parokia. Dume, mweupe, amenona. Kissa alimpa mama shikamoo. Mama akaitikia, "Marahaba, mkwe wangu," akakaa naye kiti kwa kiti, akamshika mkono, hakuuachia. Kissa alinitazama juu ya vichwa vya watu. Nikajifanya nafunga nyaya za spika.

Filamu ikaanza. Walicheka nilipolia. Walicheka zaidi majibu ya malaria yaliposomwa. Nywele zangu zilipotoweka kuna mzee alianguka kutoka kwenye benchi. Nilipompiga Mwita walimshangilia Mwita. Fahali alipovunja kioo ukumbi ulipiga kelele, "Rudisha! Rudisha!" Nikarudisha mara tatu. Hakuna aliyetaka nirudishe sehemu yangu yoyote.

Kisha mzee Gidamis akatokea kwenye turubai jeupe, mbele ya fremu yake, akaita jina.

Sijawahi kusikia watu wengi hivyo wakinyamaza. Hawa ni watu wa Katesh. Kila mmoja ana jina lake la kuita tangu matope yale. Mama mmoja mstari wa mbele alijifunika uso kwa kanga. Baba mdogo Akonaay akavua kofia, na huyu havui kofia hata kwa padri. Picha ikaisha. Hakuna aliyepiga makofi. Walikaa tu, wengine wameshikana mikono.

Nikaona hapa ndipo mahali pake. Nikachukua maikrofoni.

Sitaandika yote niliyosema. Nilisema dunia zote. Nilisema mlango wa moyo. Nilisema, Kissa, mama yangu yuko hapa na kondoo yuko nje. Maikrofoni ikapiga filimbi.

Kissa akautoa mkono wake taratibu kwa mama, akainuka, akaja hadi mbele. Akaizima maikrofoni kwanza. Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba hata kondoo alisikia. Akasema, "Hapana, kaka Theodory. Wiki mbili umenipanga upande huu na upande ule. Hujaniuliza swali moja ukangoja jibu."

Kisha akarudi kwa mama, akapiga goti mbele yake na kumwomba radhi, kwamba yeye hakujua habari ya posa, na asingekubali aje kutoka mbali hivyo bure. Mama alimwinua. Mama alinitazama mimi.

Nimepigwa fimbo nikiwa mdogo. Fimbo ni afadhali.

Jumapili, 20 Julai

Mama na baba mdogo wamelala chumbani kwangu. Mimi nimelala kibandani juu ya maboksi. Baba mdogo alfajiri alisema neno moja tu, kwamba babu yangu naye alikuwa hivi. Sijui kama ni sifa.

Baada ya misa mzee Gidamis alikuja kibandani na binti yake Jenifa, mtoto mgongoni. Jenifa jana hakuweza kufika. Mzee aliomba, kama si usumbufu, aone. Nikawawekea kwenye laptopu, mlango wazi, kondoo amefungwa pembeni anakula maganda ya ndizi. Mama na baba mdogo wakasogeza viti.

Jenifa alitazama mara mbili. Mara ya pili alimgeuza mtoto naye aone. Mtoto alipiga kelele jina lake lilipotajwa, yaani jina la bibi yake, wote wakacheka na kulia kwa pamoja. Mama alimbeba yule mtoto muda mrefu.

Kisha mama akanong'ona na baba mdogo kwa Kiiraqw cha kwetu. Baba mdogo akasimama, akavaa kofia, akavua tena. Babu zake na babu za Gidamis walikuwa wanaibiana ng'ombe, kila mtu anajua, na hadi leo wazee wa pande hizi wakikutana mnadani wanasalimiana kwa mbali. Akamfungua kondoo. Akampa mzee Gidamis kamba mkononi. Akasema, "Kondoo huyu tulimleta kwa habari ya mke. Mwenye habari ya mke ni wewe, mzee mwenzangu."

Gidamis aliishika ile kamba kwa mikono miwili. Akasema wakija mbugani hawatalala njaa. Wakashikana mikono, muda mrefu, kiasi kwamba mimi niliyesimama katikati ilibidi nipite chini.

Kondoo wangu!

Mama alipopanda Noah alinipa baraka ya mkono kichwani, pale penye kipara. Alisema ile filamu ni nzuri, ila mimi nimezidi ndani yake.

Sikuelewa alimaanisha nini.

Jumatano, 23 Julai

Mambo yamebadilika kabisa! Leo kibandani ameingia Ludovika, afisa kilimo mpya wa Bashay, ametoka Kagera, ana buti za mvua na kicheko kizito. Alikuja kuweka filamu kwenye flashi. Nikamuuliza anapenda filamu gani. Alikuwa anafungua mdomo kujibu nilipogundua kwamba ni za roboti.

Alisema ana mkutano wa wakulima wa vitunguu, akaondoka. Alisema na jambo jingine, refu kidogo. Nilikuwa tayari natafuta kalamu.

Kurasa ishirini na mbili hadi sasa! Safari hii hakuna ng'ombe na hakuna wazee wenye sauti nzuri. Mimi ndiye mvumbuzi. Mimi ndiye roboti. Mimi pia ndiye mpenzi wa roboti kabla hajawa roboti. Ludovika nimemwandikia nafasi nzuri sana, ananisubiri nyumbani tangu mwanzo hadi mwisho.

Baba mdogo Akonaay nimempigia. Nimemwambia safari hii wachague dume la ng'ombe.